Kukataa na Kukaidi

Alikaa chini kabla kengele ya muda haijalia. Katika klabu yetu ya mdahalo jambo hilo halitokei. Wanafunzi wangu hung'ang'ania sekunde ya mwisho kama utingo anavyong'ang'ania mlango wa matatu.

Ilikuwa Ijumaa mchana, Kidato cha Tatu, madawati yamesukumwa pande mbili: watetezi upande wa dirisha, wapinzani upande wa mlango. Hoja ilikuwa kwamba vyombo vya habari huwatendea haki wananchi wa kawaida. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa na karatasi ya alama, nimejaa ile furaha ya mwalimu anayeona alichopanda kikichipuka.

Msemaji mkuu wa watetezi ni mvulana ambaye wenzake humwita Wakili. Alikuwa amekuja na kipande cha gazeti la Kiingereza la wakati wa mafuriko ya 2024, amekikunja vizuri ndani ya daftari. Kichwa chake, nikikigeuza Kiswahili, kilisema: "Wakazi wakaidi agizo la kuhama huku maji yakipanda." Akakisoma mara mbili. Serikali ilionya, akasema, gazeti likaonya, watu wakakaidi. Hapo nani hakutendewa haki?

Mkono ukainuka upande wa mlango. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Ni msichana anayeishi na shangazi yake mjini lakini kwao ni Ombaka, kwenye nyanda za Kano, na darasani wamemzoea kwa jina la Nyar Kano, yaani binti wa Kano. Mwenyekiti akamruhusu.

"Hatukukaidi," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Mnakumbuka mwaka ule shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29, serikali ikaahirisha, ikaahirisha tena, hadi Mei 13. Kwa hiyo maji yalipokuja alikuwa nyumbani. Akaeleza kwa sentensi tano hivi: maji yalivyoingia usiku, walivyotoka na mama yake na wadogo zake, godoro lililobebwa kichwani likalowa vivyo hivyo. Alipofika kwa nyanya yake, sauti ikakwama kidogo.

Wakili akasimama, akanyoosha tai. "Mwenyekiti, mwenzangu amefanya makosa matatu. Kwanza, ujumuishaji wa haraka: mtu mmoja si wakazi wote. Pili, yeye ni mhusika, ana maslahi. Tatu, anatafuta huruma badala ya kutoa hoja."

Madawati yakapigwa kama ngoma. Mtu fulani akapiga mluzi. Nyar Kano akaketi.

Mimi nikampa Wakili tisa kati ya kumi.

Majina ya makosa

Yale makosa matatu aliyataja kwa majina niliyompa mimi.

Kwa mihula miwili nilikuwa nimewafundisha hoja potofu. Sikutaka wakariri Kilatini, kwa hiyo mengine tuliyabatiza upya. Kumshambulia msemaji badala ya hoja yake tuliita kucheza mguu badala ya mpira, na katika mji wa mashabiki wa Gor Mahia jina hilo halikuhitaji maelezo. Kumtilia mpinzani maneno asiyoyasema kisha ukayaangusha hayo, tuliita kupigana na sanamu ya shambani, kwa heshima ya wanaofukuza ndege kwenye mpunga wa Ahero. Kudhani kwamba lililotangulia ndilo lililosababisha, tuliita kosa la jogoo: anawika, kunakucha, basi yeye ndiye aliyeleta jua.

Upande wa vyombo vya habari, somo nililojivunia zaidi lilikuwa la Agosti 2022. Tume ya uchaguzi iliweka fomu 34A, za matokeo ya urais, kwenye tovuti yake, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na kila runinga ikaanza kujumlisha yenyewe. Fomu ni zile zile, ila kila mmoja alianzia kona yake. Saa ile ile ungekuta runinga moja ina Raila mbele, ukibonyeza rimoti, Ruto mbele. Nikawauliza: kwenu mlitazama ipi? Wakacheka. Walikuwa watoto wadogo mwaka ule lakini wanakumbuka. Hapa Kisumu rimoti ilijua njia yenyewe.

Somo lile nililipenda kwa sababu hakuna aliyehitaji kudanganya. Jumla zote zilitoka kwenye fomu halisi. Upendeleo uliingia kwenye mpangilio, yaani umeanza na fomu za wapi, na kwenye kidole cha mtazamaji.

Dalili za hatari zilikuwepo, sema niliziona kama vichekesho. Mzazi mmoja alinipigia simu: "Mwalimu, huyu mtoto siku hizi nikimwambia aoshe vyombo ananiambia natumia hoja ya mamlaka." Nilicheka mpaka nikaweka simu chini. Nikasimulia hadithi hiyo kwenye chumba cha walimu, tena kwa majivuno.

Pasi

Wiki mbili kitu kilinikera na sikujua ni nini. Kilinikuta kwenye foleni ya M-Pesa, kikanikuta nikisahihisha insha. Nilidhani ni ile sauti iliyokwama, nikajiambia ndivyo mdahalo ulivyo, mtoto atazoea.

Jumapili moja jioni nilikuwa napiga pasi mashati ya wiki. Nikajikuta nimesimama, pasi hewani, nikisema peke yangu: lakini yeye hakujumuisha chochote.

Ujumuishaji wa haraka ni kuchukua mfano mmoja au miwili ukaujengea kanuni ya wote. Nimenunua mbuta mbovu sokoni leo, basi samaki wote wa soko lile ni wabovu. Huyo amejumuisha. Nyar Kano hakujenga kanuni yoyote. Kanuni ilikuwa imeshajengwa na gazeti: wakazi wakaidi. Bila "baadhi," bila "wachache." Yeye alileta mfano mmoja wa kuibomoa, na hapo hesabu hugeuka. Mbuta mmoja mbovu hathibitishi kwamba wote wameoza, lakini ukiapa kwamba wote ni wabichi, huyo mmoja anatosha kukuumbua.

Nikaenda kwenye la pili. Ana maslahi, sawa. Aliyelowa ni mhusika. Je, afisa aliyetoa agizo, ambaye angelaumiwa kama watu wangezama, yeye hana? Kuwa na maslahi ni sababu ya kuuliza zaidi. Wakili aliitumia kama sababu ya kutouliza kabisa, na huko ndiko kucheza mguu badala ya mpira, kosa la kwanza kabisa nililowafundisha.

La tatu ndilo lililoniuma. Kutafuta huruma ni kuweka machozi mahali pa sababu. Msichana yule alitoa habari, tena habari iliyohusu hoja moja kwa moja. Ilikuwa tu habari inayouma kuisema.

Makosa matatu, yote yalitoka upande wa dirisha. Na refa alikuwa mimi.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliorodhesha aina 13 za hoja potofu, akiwalenga wasofisti, watu waliojulikana kwa ujanja wa kushinda mabishano. Mimi nilichukua orodha ya kuwafichua wasofisti nikaitumia kumlea mmoja.

Shati liliungua kidogo kwenye kola. Bado nalivaa.

Nani anaongea hapa

Jumatatu nilimwomba Wakili kile kipande cha gazeti. Alinipa kwa fahari, akidhani nataka kukibandika ukutani.

Nilikisoma na kalamu mkononi, nikipigia mstari kila aliyefunguliwa mdomo. Afisa wa utawala. Chifu. Afisa wa misaada. Afisa wa utawala tena. Juu kulikuwa na picha ya wanawake watatu ndani ya maji hadi magotini, mmoja amebeba sufuria, na chini yake neno moja: "wakazi." Waliozungumza hawakulowa na waliolowa hawakuzungumza.

Nilikuwa nimewafundisha watoto kutafuta uongo. Hapa hapakuwa na uongo ninaoweza kuunyooshea kidole. Agizo lilitolewa, maji yalipanda, na chifu bila shaka alisema alichonukuliwa akisema.

Kisha nikarudi kwenye kitenzi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, huko ndiko nyumbani kwangu. Mwandishi wa Kiingereza alikuwa na maneno yake, nami nilipokuwa nageuza nilichagua "wakaidi" kwa sababu ndilo neno lililobeba uzito ule ule. Lakini yapo maneno mengine mengi ya kumtaja mtu ambaye bado yuko nyumbani kwake maji yakija. Wamebaki. Wamechelewa. Wameshindwa kuhama. Wamekataa kuhama. Wamekwama. Kila moja lina mtu tofauti ndani yake. Aliyekwama anahitaji mashua. Aliyekataa anaweza kuulizwa kwa nini. Aliyekaidi haulizwi kitu, maana jibu tunalo tayari toka utotoni: mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Yaani tumeshamhukumu, tunangoja tu siku.

Nikawa nimepata somo langu. Nikalipanga vizuri kichwani: gazeti lilikosea, msichana alikuwa sahihi, mwalimu anaomba radhi. Lilikuwa somo safi kabisa.

Ombaka

Likizo fupi ya katikati ya muhula niliomba ruhusa kwa shangazi yake, nikaenda. Matatu hadi Ahero, kisha boda boda kwenye barabara ya udongo mweusi, ule ambao ukikauka hupasuka kama mdomo wa Januari na ukilowa hukuvua kiatu.

Nyanya yake alitupokea chini ya mti. Alinipa uji kwenye kikombe cha bati, akaniita mwalimu, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Bungoma. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba nimesema sina kwetu. Ukutani nyuma yake kulikuwa na mstari wa matope uliokauka, usawa wa kiuno changu, ukipita chini ya dirisha, ukikata kona, ukiendelea upande wa pili. Hakuna aliyejisumbua kuufuta.

Dholuo changu ni cha sokoni. Mjukuu akawa mkalimani. Nikamweleza dani, ndivyo nyanya anavyoitwa kwa Dholuo, habari ya mdahalo, gazeti, na neno lile. Nikasema nimekuja kwa sababu gazeti lilisema watu wa hapa walikataa kuhama, na mjukuu wake alisimama mbele ya darasa akasema si kweli.

Dani alisikiliza hadi mwisho. Akajibu kwa maneno mawili.

"*Ne adagi.*"

Nyar Kano hakutafsiri. Alitazama kikombe chake. Na mimi sikuhitaji tafsiri, kwa maana neno hilo ndilo mama wa samaki huniambia nikitaja bei ya kijinga. Lakini nilingoja.

"Anasema..." akasita. "Anasema alikataa."

Hakusema alikaidi. Nililitambua hilo baadaye, kwenye matatu. Dholuo kilimpa neno moja naye akachagua la Kiswahili.

Dani akaendelea, safari hii kwa urefu. Mwaka 2020, ziwa lilipojaa na mto ukafurika, waliambiwa wahame wakahama. Walilala kwenye darasa la shule ya msingi pamoja na familia nyingine. Waliporudi, mlango haukuwepo. Mabati ya jikoni hayakuwepo. Kuku hata usiulize. Akaripoti, akaambiwa angoje. Kwa hiyo 2024 walipokuja tena na kipaza sauti, aliwatoa binti yake na wajukuu siku ya kwanza, yeye akabaki kwenye tuta na ng'ombe, usiku mbili.

"Kuna kijana alikuja na kamera," mjukuu akatafsiri. "Akasimama kule kwenye lami. Hakuvuka."

Dani akaongeza kitu akicheka.

"Anasema angemuuliza angemwambia. Hakuwa na shughuli nyingine pale juu ya tuta."

Kwenye matatu

Nilirudi mjini nimebeba ndizi alizonipa na somo lililovunjika.

Gazeti halikudanganya. Mwanamke alikataa kuhama, tena kwa kinywa chake. Na msichana hakudanganya: yeye na mama yake walitoka siku ile ile walipoambiwa, na ukimuuliza mtoto wa miaka kumi na tano "nyinyi mlikaidi?" atakujibu kwa hao aliotoka nao. Sentensi mbili zinazopingana, zote za kweli, na katikati yake mabati yaliyoibwa miaka minne kabla. Mabati hayo hayakuwa gazetini, na darasani hayakuwepo pia, wala kwenye orodha yangu ya hoja potofu. Ningeweza kupitia aina zote 13 za Aristotle na zote nilizobatiza mwenyewe nisiyafikie.

Pale ndipo nilipoanza kuona kasoro ya somo zima. Nilikuwa nimewapa watoto kazi ya askari wa barabarani: simama njiani, kamata kosa, andika faini. Askari hahitaji kujua gari linaenda wapi.

Kulikuwa na mwingine darasani, mkimya, ambaye wiki moja kabla aliniambia kwa utulivu, "Mwalimu, mimi siku hizi siamini habari yoyote." Nilimpongeza. Sasa najiuliza nilikuwa napongeza nini. Asiyeamini chochote hana haja ya kuvuka lami, sawa tu na yule anayeamini kila kitu.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo sikulitaka lakini lilikuja lenyewe tulipofika Rabuor na matatu ikasimama kuongeza abiria. Nilimwambia shangazi mtu naenda kuomba radhi. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuhakikisha. Nilitoka Kisumu hadi Ombaka kukagua maneno ya mtoto aliyelowa. Chifu, afisa wa utawala na afisa wa misaada niliwaamini nikiwa nimekaa mezani.

Mtakumbuka ni nani aliyesema ana maslahi. Mimi sikumsema, nilimkagua tu.

Ijumaa nyingine

Nilifuta ile tisa mbele ya darasa. Nikaeleza kwa nini, kosa baada ya kosa, kwa mfano wa mbuta na kila kitu. Nikasema aliyekosea zaidi ni mwamuzi.

Wakili alikunja uso. Simlaumu. "Kwa hivyo Mwalimu," akasema, "nilikosea kutumia ulichotufundisha?"

Nilikuwa na jibu refu nililoliandaa. Nikasema, "Ndiyo. Nilifundisha vibaya." Halikumridhisha na sidhani lilipaswa kumridhisha. Alikuwa ameshinda kwa sheria zilizokuwepo siku ile.

Nilikuwa nimemuuliza Nyar Kano mapema kama naweza kusimulia habari za dani. Alikataa. Alisema atasimulia mwenyewe au isisimuliwe. Basi akasimama, safari hii mbele, na akaanza na neno ambalo sikutarajia alianze nalo: "Nyanya yangu alikataa kuhama." Darasa likanong'ona. Wakili akainua kichwa haraka, na nikaona anavyopambana nao, ushindi ulioangukia mikononi mwake tena. Msichana akaendelea. Mlango. Mabati. Tuta. Kijana wa kamera kwenye lami.

Alipomaliza niliandika kichwa cha gazeti ubaoni, nikawaambia kila mmoja aandike swali moja tu ambalo angemuuliza mtu yeyote kabla ya kuandika maneno yale. Hakuna kutaja makosa leo. Nilipita kati ya madawati. Wengi waliandika maswali ya polisi: aliyeiba mabati ni nani, kwa nini hakukamatwa. Mmoja aliandika, "Dani alikula nini usiku mbili?" Nikapenda hilo.

Wakili alikuwa bado anazungusha kalamu. Kisha akainua mkono, na nilidhani anakuja na kosa la nne.

Hakunitazama mimi. "Ng'ombe walikuwa wangapi?"

"Wanne," Nyar Kano akasema. "Watatu tuliwavuta hadi kwenye lami siku ile ya kwanza. Wa nne alikuwa na mimba, karibu azae, maji yakamfika kifuani akagoma katikati. Akarudi. Ndiye dani alibaki naye."

Nilikuwa nimeketi na mwanamke yule chini ya mti karibu saa mbili nzima, nimekunywa uji wake, na hilo sikuliuliza.